Maziwa yakiingia mtoni huua, lakini kuvu yaweza kuyala kabla

NA MWANDISHI WETU

MAZIWA ni chakula cha mtoto, cha mgonjwa na cha mzee. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na eneo la Mlima Kenya, ng'ombe wa maziwa ndiye benki ya familia. Ndiye anayelipa karo, ndiye anayenunua sare za shule, na bila yeye wageni hukaribishwa kwa chai ya rangi. Kwa hivyo huenda msomaji akashangaa kuambiwa kwamba maziwa hayo hayo, yakishaingia mtoni, huwa ni miongoni mwa uchafu mkali zaidi unaoweza kutoka katika kiwanda cha vyakula.

Si kwamba maziwa yana sumu. La hasha! Ubaya wake mtoni watokana na ule ule uzuri wake mezani: yamejaa lishe. Yana sukari, yana mafuta, yana protini. Yakimwagika majini, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hasa bakteria, huyavamia na kuyala kwa pupa. Wakila huongezeka, na wakiongezeka huvuta hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Hewa hiyo ndiyo wanayoitegemea samaki, kaa na wadudu wa majini. Karamu ya bakteria ikinoga, samaki hukosa pumzi.

Hesabu yake ni rahisi. Katika kipimo cha siku tano ambacho wataalamu wa maji hutumia duniani kote, lita moja ya maziwa yasiyotolewa mafuta humaliza kama gramu 100 za oksijeni. Lita moja ya maji safi ya mto, kwa upande wake, hubeba kama miligramu 8 tu za hewa hiyo. Maana yake ni kwamba lita moja ya maziwa yaweza kumaliza oksijeni yote iliyomo katika lita 12,000 za maji na zaidi. Hayo ni maji yasiyotosha kuingia katika lori moja la kawaida la kuuzia maji mitaani.

Kuna njia nyingine ya kulitazama jambo hili. Uchafu wa chooni na bafuni wa mtu mmoja kwa siku nzima huhitaji kama gramu 50 za oksijeni. Basi lita moja ya maziwa mtoni ni sawa na uchafu wa watu wawili wa siku nzima.

Sasa chukua mfano wa kiwanda kidogo cha chama cha ushirika kinachopokea lita 10,000 kwa siku. Tuseme kinapoteza lita moja tu katika kila lita mia. Hizo ni lita 100 zinazoingia mtaroni kila siku, na mzigo wake kwa mto ni sawa na kijiji cha watu 200 walioelekeza vyoo vyao mtoni.

Anayeumia si samaki pekee. Maji yaliyokosa oksijeni hugeuka meusi, hutoa harufu ya mayai yaliyooza, na mawe ya mtoni huvikwa utelezi wa kijivu. Mama anayechota maji chini ya kiwanda hulazimika kutafuta kisima kingine. Ng'ombe hunusa maji hayo na kukataa kunywa. Na ikumbukwe kwamba ng'ombe huyo aghalabu ndiye yule yule ambaye maziwa yake yalipelekwa kiwandani alfajiri. Mkulima hujikuta akichafua kisima chake kwa jasho lake mwenyewe.

Yanakotoka

Wengi hudhani kwamba kiwanda hutoa uchafu kwa sababu kina wafanyakazi wazembe wanaomwaga maziwa ovyo. Uzembe upo, lakini si chanzo kikuu. Chanzo kikuu ni usafi.

Maziwa huharibika upesi, na kwa hivyo kila kitu yanachokigusa ni lazima kioshwe. Mikebe ya wakulima huoshwa. Malori ya tangi huoshwa. Mabomba, mitambo ya kuchemshia na mashine za kutenganisha mafuta huoshwa, tena kwa soda kali na kisha kwa asidi, halafu husuuzwa. Kila safari ya kuosha huondoka na maziwa yaliyoshika kwenye kuta za chombo. Hata kiwanda kinachotumia maji kwa uangalifu hutoa kama lita moja hadi tatu za maji machafu kwa kila lita ya maziwa kinayotengeneza.

Maji hayo yana matatizo mawili yanayowapa wahandisi maumivu ya kichwa. La kwanza ni mafuta. Mafuta ya maziwa huelea juu kama malai juu ya sufuria, na kulifunika bwawa kama blanketi lisilopitisha hewa. Yakishuka chini, hunata kwenye tope na kuwazuia bakteria kufanya kazi. La pili ni uchachu. Sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, hugeuka kuwa asidi kwa saa chache tu, kama kila mtu aliyewahi kusahau maziwa jikoni ajuavyo. Asubuhi maji machafu yana ukali wa soda, jioni yamechacha kama mtindi. Bakteria wengi wanaosafisha maji hupenda hali ya katikati, na mabadiliko hayo huwavuruga.

Njia ya zamani ya kusafisha ni kuyaacha maji katika mabwawa kadhaa yanayofuatana hadi yatulie. Njia hiyo haihitaji umeme mwingi, lakini yahitaji ardhi kubwa, na bwawa likizidiwa na mafuta majirani hufunga madirisha. Njia nyingine ni ya tangi linalopulizwa hewa ili bakteria wale uchafu haraka. Hiyo iligunduliwa mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1914 na yatumika kote duniani hadi leo. Hata hivyo, nayo hulemewa pale mafuta na uchachu vinapozidi.

Hapo ndipo wataalamu walipoanza kumtazama mlaji mwingine.

Mlaji asiye na tumbo

Kuvu ni jamii kubwa ya viumbe ambao si mimea wala si wanyama. Uyoga tunaochuma baada ya mvua ni kuvu. Hamira inayofurisha mandazi ni kuvu. Ukungu unaoota juu ya mkate uliolala ni kuvu pia.

Kiumbe huyu hana mdomo wala tumbo. Akitaka kula, hutoa nje ya mwili wake vimeng'enya, yaani kemikali za kusagia chakula. Vimeng'enya hivyo hukivunjavunja chakula huko huko nje, na kuvu hufyonza kilichoyeyuka. Kwa maneno mengine, hupika nje kisha hunywa mchuzi. Kuna kimeng'enya cha kuvunja mafuta, kuna cha kuvunja protini, na kuna cha kuvunja sukari ya maziwa. Hayo matatu ndiyo hasa yaliyomo katika maji machafu ya kiwanda cha maziwa.

Isitoshe, kuvu nyingi haziogopi uchachu. Pale ambapo bakteria wasafishaji hulegea, kuvu huendelea kula. Hili si jambo geni kwa wanaotengeneza mursik. Wataalamu walioyachunguza maziwa hayo ya kibuyu wamekuta humo bakteria wa kuchachusha pamoja na hamira za asili za namna kadhaa. Kuvu na maziwa wanajuana tangu jadi.

Mji wa Rennes uko katika eneo la Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, eneo linalosifika kwa ng'ombe wa maziwa. Huko watafiti wawili, Hayet Djelal na Abdeltif Amrane, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kutumia kuvu tatu kwa pamoja kusafisha maji machafu ya maziwa. Walianza na chombo cha lita 4 katika maabara, wakapanda hadi tangi la lita 110, kisha wakalijaribu jambo hilo katika mitambo halisi ya kusafishia maji.

Kuvu ya kwanza huitwa Aspergillus niger. Ni ule ukungu mweusi tunaouona kwenye maganda ya vitunguu vilivyokaa sana. Viwanda vimekuwa vikiitumia tangu mwaka 1919 kutengeneza asidi ya limau, ile inayotiwa katika soda na peremende. Ya pili ni Mucor hiemalis, ukungu wenye nywele ndefu. Ya tatu ni Galactomyces geotrichum, na jina lake la kwanza, kwa asili ya Kigiriki, lina maana ya kuvu ya maziwa. Ndugu zake hutumika kuivisha jibini za Ufaransa.

Watafiti hao waliona kwamba kuvu zikitupwa tu ndani ya maji machafu bila matayarisho, hazisaidii sana. Lakini zikikuzwa kwanza katika maji yanayobaki baada ya kugandisha jibini, au katika maji machafu yenyewe, ili ziingie kazini zikiwa tayari na nguvu, hali hubadilika. Kiasi cha uchafu kilichoondolewa kilipanda kutoka karibu asilimia 55 hadi karibu asilimia 75.

Tangi lenyewe

Chombo kinachotumika huitwa riakta ya kibayolojia. Jina ni zito, lakini kitu chenyewe si cha ajabu. Ni tangi lenye mlango wa kuingizia maji machafu, mlango wa kutolea maji yaliyosafishwa, na bomba lenye matundu chini kwa ajili ya kupuliza hewa. Mapovu yakipanda huyazungusha maji na kuzipa kuvu oksijeni. Ni kama kuuleta mto ndani ya tangi: ile karamu iliyokuwa ikiua samaki sasa hufanyika mahali pasipo na samaki, na hewa huletwa kwa mashine.

Shida moja ni kwamba kuvu hukua kwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo zaweza kuziba mabomba au kuelea juu kama pamba. Ndiyo maana wahandisi hujaribu kuzikuza katika umbo la madonge madogo ya mviringo. Madonge hayo huzunguka na maji wakati hewa inapulizwa, na hewa ikizimwa hutua chini upesi, na juu hubaki maji yaliyotakata. Wengine huzipa kuvu kitu cha kushikilia ndani ya tangi, kama vipande vya plastiki, ili zisisombwe na maji yanayotoka.

Je, asilimia 75 yatosha? Hapa tuwe wakweli. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na shirika la NEMA, ziliweka mipaka miwili katika kipimo cha oksijeni inayohitajika kikemikali. Anayeelekeza maji yake katika mabomba ya majitaka ya mji hakutakiwa kuzidi miligramu 1,000 kwa lita. Anayeyaachilia mtoni au katika mazingira hakutakiwa kuzidi miligramu 50.

Tuseme maji ya kiwanda yana miligramu 3,000, kiasi ambacho si cha ajabu katika kazi ya maziwa. Ukiondoa asilimia 55, hubaki miligramu 1,350, na kiwanda kimevunja kanuni ya bomba la mji. Ukiondoa asilimia 75, hubaki miligramu 750, na kiwanda kimepita. Tofauti hiyo ya asilimia 20 ndiyo tofauti ya kufungiwa na kuendelea kununua maziwa ya wakulima.

Lakini kwa kiwanda cha mashambani kisicho na bomba la mji, miligramu 750 bado ni mara 15 ya kinachoruhusiwa mtoni. Kwa hivyo kuvu haifanyi kazi yote. Huo ni mkono wa kwanza, unaopunguza mafuta na kuvunja mzigo mzito. Bakteria hufuata, na mwishoni huenda pakahitajika bwawa lenye matete ili kumalizia. Anayeuza kuvu kama dawa ya kumaliza kila uchafu asisikizwe.

Hofu ya Wakenya

Mkenya akisikia jina Aspergillus ana haki ya kushtuka. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika eneo la mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutolewa na Aspergillus flavus, ambaye ni binamu wa kuvu nyeusi iliyotumika Rennes.

Binamu si pacha. Aspergillus niger haitoi aflatoksini. Hata hivyo, baadhi ya mbegu zake zaweza kutoa sumu nyingine, na vumbi la kuvu yoyote likivutwa kwa wingi laweza kudhuru mapafu. Ndiyo sababu kazi hii yahitaji maabara ya kuchagua mbegu iliyopimwa, na wafanyakazi wenye vifaa vya kujikinga. Mtu asikwangue ukungu wa jikoni na kuutupa katika shimo la majitaka akidhani amekuwa mwanasayansi.

Kuna gharama pia. Kuvu hizi zahitaji hewa, na hewa ni umeme. Bakteria wa kawaida hushindana nazo kila siku, hivyo ni lazima kuvu mpya ziongezwe mara kwa mara. Na tope linalobaki sharti liondolewe. Likipimwa na kuonekana halina madhara, laweza kuchanganywa na majani na samadi na kuwa mbolea.

Uchafu au mali?

Njia nyingine ni kuigeuza kazi ya kuvu kuwa chanzo cha fedha. Mtengenezaji wa jibini hutumia lita 10 za maziwa kupata kilo moja tu ya jibini, na hubaki na kama lita 9 za maji ya manjano yanayoelekea ukijani. Maji hayo ya jibini yana karibu gramu 50 za sukari kwa lita, na yakimwagwa mtoni kila lita huhitaji gramu 30 hadi 50 za oksijeni.

Katika kijiji cha Ballineen, kaunti ya Cork nchini Ireland, kiwanda cha Carbery kimekuwa tangu mwaka 1978 kikigeuza sukari hiyo kuwa pombe safi ya viwandani kwa kutumia hamira inayokula laktosi. Hamira ya mikate haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa haina uwezo wa kuivunja sukari ya maziwa. Kilichokuwa mzigo wa mto huko sasa huuzwa kwa lita.

Si kila chama cha ushirika kitajenga mtambo kama huo. Lakini funzo lake ni la kila mtu: kilicho katika maji machafu ya maziwa ni chakula, na mwenye kukitupa anatupa fedha. Turudi kwa kile kiwanda chetu cha mfano kinachopoteza lita 100 kwa siku. Kwa bei ya shilingi 50 kwa lita, hizo ni shilingi 5,000 kila siku, na zaidi ya shilingi milioni 1.8 kwa mwaka. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ni hivyo hivyo.

Kwa hivyo, kabla ya kutafuta kuvu, kiwanda na hata boma laweza kuanza na haya. Kwanza, inamisha mkebe hadi tone la mwisho lidondoke kabla ya kuuosha. Pili, suuza mara ya kwanza kwa maji kidogo yasiyo na sabuni, na maji hayo meupe uwape nguruwe badala ya mtaro. Wape yakiwa bado hayajaharibika. Maji ya jibini pia nguruwe huyapenda.

Tatu, maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kwa dawa za kuua viini yasimwagwe katika tangi la kusafishia maji, kwa maana dawa hiyo huwaua pia wale viumbe wasafishaji. Nne, weka mtego wa mafuta kabla ya bwawa na uusafishe kila wiki. Tano, maji ya mvua yasiingie katika mtaro wa kiwanda, kwani huyaongeza maji machafu bure na kulijaza tangi.

Hatua hizo hazihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Zikifanyika, mzigo hupungua, na tangi la kuvu au la bakteria litakalojengwa baadaye litakuwa dogo na la bei nafuu.

Maziwa yakishafika katika maji machafu, ni lazima pawe na mlaji. Tusipomchagua sisi na kumjengea tangi, atajichagua mwenyewe mtoni na kuvuta pumzi za samaki wetu. Mkulima atakapohudhuria mkutano mkuu wa mwaka wa chama chake, baada ya kuuliza bei ya lita na malipo ya bonasi, na aulize swali moja zaidi: maji yetu machafu huenda wapi, na ni nani anayeyala?